Mabango ya Sinema za Kale za Hollywood: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Kabla sijaanza kukusanya mabango nilikuwa mchapaji. Nimesimama mbele ya mashine Dar es Salaam zaidi ya miaka ishirini, nimechapa kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti na picha za wagombea. Kwa hiyo ukiniuliza habari za nyota wa zamani kama Greta Garbo, kuna hatari nikakujibu habari za wino. Maswali haya nimeulizwa harusini, msibani, kwenye foleni ya benki, na zaidi kwenye simu usiku watu wakiwa wameshaona kitu mtandaoni na wanataka kulipa kabla hakujakucha. Nimeyaweka pamoja ili nami nilale.

Ukisema "mabango ya kale" ni ya lini hasa?

Kila mkusanyaji ana mpaka wake. Wangu unaanzia 1910 na kuishia mwisho wa miaka ya 1940.

Kwa nini 1910? Kabla ya hapo kampuni za filamu za Marekani zilikuwa zinaficha majina ya waigizaji, zikihofia wakijulikana watadai mishahara mikubwa. Mwaka huo Carl Laemmle, ambaye miaka miwili baadaye aliunda studio ya Universal, alimtangaza Florence Lawrence kwa jina lake. Watazamaji walikuwa wanamjua kwa sura tu. Kuanzia hapo bango likapata kazi mpya. Zamani lilitangaza kwamba kuna picha zinazotembea, sasa likaanza kuuza uso wa mtu.

Na kwa nini miaka ya 1940? Karibu na mwaka 1940 kampuni moja, National Screen Service, ilichukua kazi ya kusambaza mabango ya studio nyingi. Mambo yakawa na utaratibu, namba zikawekwa, na ladha nayo ikaanza kufanana. Mabango mazuri yaliendelea kutoka, sikatai. Ila ule wazimu wa miaka ya 1920, ambapo mchoraji alijaza karatasi nzima rangi ya machungwa kwa sababu tu alijisikia, ulipungua.

Kama yalichapwa kwa wingi, mbona yamebaki machache?

Kwa sababu hakuna aliyekusudia yabaki. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote humu: bango lilikuwa kifaa cha kazi, kama ufagio wa ukumbini. Mwenye sinema alilikodi au kulinunua kwa bei ndogo kutoka ofisi ya usambazaji, akalibandika siku mbili tatu, filamu ikaondoka, bango likarudishwa na kupelekwa mji mwingine. Likatobolewa pini tena, likakunjwa tena, mpaka likachanika na kutupwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu zikatumike upya. Hapo yaliangamia mengi sana.

Yaliyosalia yalisalia kwa bahati. Mengine yalitandikwa chini ya zulia la plastiki, mengine yalijazwa ukutani kuzuia baridi. Kisa ninachokipenda ni cha Berwick, mji mdogo wa Pennsylvania. Kwenye mnada wa mali za nyumba kulikutwa mrundo wa mabango ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 yaliyogandana kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani, kwa sababu kila filamu mpya ilibandikwa juu ya ile iliyotangulia. Mrundo uliuzwa dola 30,000. Mafundi wakayatenganisha moja moja, yakatoka 33, na mwaka 2012 yakauzwa mnadani Dallas kwa zaidi ya dola 500,000. Uvivu wa mtu mmoja, ambaye hakutaka kubandua la jana kabla ya kubandika la leo, ndio uliyaokoa.

Filamu zenyewe ziliangamia vilevile. Hesabu iliyochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ilionyesha kuwa kati ya filamu ndefu karibu 11,000 zisizo na sauti zilizotolewa na studio za Marekani tangu 1912 hadi 1929, ni asilimia 14 tu zilizobaki zikiwa kamili katika umbo lake la awali. Kwa hiyo mara nyingine bango limeizidi umri filamu. London After Midnight ya 1927 ni mfano: nakala ya mwisho iliyojulikana iliungua kwenye ghala la studio ya MGM mwaka 1965, hakuna aliyeiona tangu hapo, na bango lake likauzwa dola 478,000 mwaka 2014. Tangazo lipo, kilichotangazwa hakipo.

Nitajuaje kama bango ni la asili au limechapwa juzi?

Hili ndilo swali, mengine ni mapambo. Nitalijibu kirefu.

Chukua futi kwanza, kabla hujaangalia picha. Bango la kawaida la Marekani la enzi hizo lilikuwa na inchi 27 kwa 41. Nakala za kisasa za kupamba chumba mara nyingi ni inchi 24 kwa 36, au 27 kwa 40, kipimo kilichozoeleka miaka ya 1980. Ukitangaziwa bango la 1933 lenye 27 kwa 40 kamili, ama ukingo umekatwa ama unadanganywa. Muuzaji asiyetaka kutaja vipimo, achana naye hapohapo.

Pili, lenzi. Hapa ndipo kazi yangu ya zamani inaponisaidia. Mabango bora ya miaka ya 1910 na 1920, na mengi ya mwanzoni mwa 1930, yalichapwa kwa litografia ya mawe: fundi anachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe au bati la zinki, maji yanakataa mafuta, wino unashika palipochorwa tu. Kila rangi na jiwe lake. Viwanda vikubwa vilikuwa Ohio, kama Morgan Litho ya Cleveland, na jina la kiwanda utalikuta kwa herufi ndogo ukingoni. Ukiweka lenzi juu ya shavu la mwigizaji kwenye bango la namna hiyo utaona punje zisizopangika, kama unga wa dona ulionyunyizwa mezani. Rangi ya waridi imelala juu ya njano na mahali pengine imeteleza nje ya mstari kwa unywele mmoja. Nakala ya kisasa ukiiwekea lenzi hiyohiyo utaona nukta ndogo zilizopangwa safu kwa safu, zikizunguka kama maua madogo: samawati, waridi, njano, nyeusi. Tena nakala ikiwa imepigwa picha kutoka kwenye bango halisi, hata mikunjo ya zamani utaiona, lakini imechapwa. Pitisha kidole: panaonekana mkunjo, kidole hakisikii kitu.

Tahadhari: nukta peke yake si hukumu. Katika miaka ya 1930 uchapaji wa picha kwa ofseti, ule wa nukta, ulizidi kuenea, na mabango mengi halali ya 1940 yana nukta. Lenzi inakuambia uchapaji ni wa aina gani. Wewe ndiye unayetakiwa kujua aina hiyo inaendana na mwaka uliotajwa au la.

Tatu, taa. Ile taa ya zambarau wanayotumia wauza maduka kukagulia noti bandia inatosha. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha, na chini ya taa hiyo zinawaka kibuluu. Karatasi ya 1930 inabaki imenuna.

Nne, geuza. Watu hawageuzi! Nyuma ya bango ndiko kuna maisha yake: mhuri wa ofisi ya usambazaji, jina la mji limeandikwa kwa penseli, alama za gundi, kutu ya pini, vumbi lililokaa kwenye mikunjo tu na si kwingine. Ukingo umegeuka rangi ya chai. Uzee wa kweli haupaki rangi sawasawa. Ukikuta karatasi imekuwa kahawia mbele na nyuma kwa kiwango kilekile, mtu ameichovya kwenye chai kweli.

Nisijifanye mjuzi. Bango la kwanza nililonunua, la filamu ya majambazi lililodaiwa kuwa la 1932, lilinifika likiwa kwenye bomba la kadibodi. Bomba! Mabango ya wakati ule yalikunjwa kiwandani, hayakuviringwa, na hilo nilikuwa nalijua. Lakini nilikuwa nimeshalipa na moyo ulishapenda. Nililitundika wiki nzima kabla sijathubutu kuwasha taa ya noti. Liling'aa kama shati jeupe disko. Muuzaji hakujibu tena ujumbe wangu, na mimi bango lile ninalo mpaka leo, nalitumia kufundishia.

Je, kuna feki zinazowashinda hata wataalamu?

Zipo. Huko Marekani kulikuwa na kesi iliyofika mahakama ya shirikisho New York, ya mtu aliyechapisha kadi za matangazo na mabango bandia ya filamu za kutisha za Universal, akayaharibu makusudi, kisha akayapeleka kwa mafundi wa ukarabati yakatengenezwe. Ukarabati ulikuwa ndio kifuniko: anayekuta rangi mpya au kiraka anasema "ah, limekarabatiwa." Hasara ilipita dola milioni 1 na walioumia hawakuwa watoto. Tangu hapo wanunuzi wengi wa vitu ghali wanadai picha za bango kabla halijafanyiwa ukarabati. Nawe dai.

Hizi saizi na majina yake zinanichanganya.

Kipimo cha msingi Wamarekani wanakiita "karatasi moja", ndiyo ile inchi 27 kwa 41. "Karatasi tatu" ni 41 kwa 81, "karatasi sita" ni mraba wa inchi 81, na "karatasi ishirini na nne" lilikuwa bango la barabarani lenye upana wa mita sita hivi. Hayo makubwa yalichapwa vipande vipande na kuunganishwa papo hapo, ndiyo maana karibu yote yamepotea, kwani ukishabandika ubaoni hubandui. Halafu kuna za kadi nene: nusu karatasi (22 kwa 28), inseti ndefu nyembamba (14 kwa 36), kadi ya dirishani (14 kwa 22) yenye nafasi wazi juu ya kuchapia jina la ukumbi, na kadi za ukumbini (11 kwa 14) ambazo kwa kawaida zilitoka nane kwa seti, moja ikiwa ya jina la filamu.

Bango langu lina mikunjo minne. Nipige pasi?

Hapana.

Na usiliweke chini ya godoro. Na usilipulizie maji. Mkunjo wa kiwandani si ugonjwa, ni cheti cha kuzaliwa.

Herufi R kwenye ukingo ni nini?

Toleo la marudio. Studio zilirudisha filamu iliyowahi kufanya vizuri na kuichapia mabango mapya. Kwenye mabango yaliyopitia National Screen Service utakuta tarakimu chini, mfano 48/217: mbili za kwanza ni mwaka, zinazofuata ni namba ya filamu. Ukiona R48/217 ujue ni marudio ya 1948. Bei ya R inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya bei ya toleo la kwanza, na mara nyingi uchapaji wake ni hafifu. Lakini ni karatasi halali ya kale, na kwa mwenye mfuko mwepesi ni mlango mzuri wa kuingilia.

Ni akina nani waliyachora? Mbona hawakuweka sahihi?

Kwa sababu waliajiriwa kama sisi wengine. Ofisi ya matangazo iliwapa picha za filamu, wakachora, wakalipwa, wakaenda kula. Majina tunayoyajua tumeyapata kwa kuchimba. Karoly Grosz, mzaliwa wa Hungaria, aliongoza matangazo ya Universal mwanzoni mwa miaka ya 1930, na bango la The Mummy la 1932 ni lake: mwigizaji Boris Karloff amefungwa sanda, mwanamke mwenye gauni jekundu mbele yake, na rangi zinapigana bila kuumizana. Al Hirschfeld, kabla ya kuwa mchora vikaragosi maarufu wa New York, aliwachora wachekeshaji Laurel na Hardy kwa ajili ya MGM.

Lakini ukinipa dakika tano nitakusimulia Batiste Madalena. Alikuwa kijana mwenye asili ya Italia, akiishi Rochester, jimbo la New York. Mwaka 1924 George Eastman, yule wa Kodak, alimwajiri achore mabango ya ukumbi wake, kwa sababu hakupenda mabango yaliyoletwa na studio. Madalena alichora kwa mkono, kila bango ni moja tu duniani, na kwa miaka minne alichora zaidi ya 1,400. Mara nyingi alikuwa hajaiona filamu yenyewe. Mwaka 1928 ukumbi ukaingia mikono mingine na kazi ikaisha. Siku moja, mvua inanyesha, anapita na baiskeli nyuma ya ukumbi, akakuta kazi yake imerundikwa kwenye taka. Alibeba alichoweza, yakapona zaidi ya 200. Ni hayo ndiyo yaliyoonyeshwa miaka mingi baadaye kwenye jumba la sanaa ya kisasa, MoMA, New York. Sijawahi kumaliza kusimulia kisa hiki bila mtu kuniuliza hayo mengine 1,200 yalikwenda wapi. Yalilowa.

Kwa nini filamu za kutisha zina bei za kutisha?

Mabango yake yamebaki machache, na walioziona filamu hizo wakiwa watoto wamekua na pesa. Bango la The Mummy liliuzwa dola 453,500 kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's mwaka 1997. Bango la karatasi tatu la King Kong ya 1933 lilifika dola 388,375 mwaka 2012. Dracula ya 1931 ikapanda hadi dola 525,800 mwaka 2017.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao wauzaji hawausimulii. Mwaka 2018 nakala ya The Mummy ilirudishwa Sotheby's ikikadiriwa dola milioni 1 hadi 1.5. Haikuuzwa. Bango lilelile maarufu, na hakuna aliyefika bei.

Kwa hiyo anayeniuliza kama huu ni uwekezaji, namjibu anunue kiwanja.

Sina hizo dola. Naanzia wapi?

Kwenye kadi za ukumbini. Tafuta filamu za kawboi za miaka ya 1940, zile za bajeti ndogo zilizotoka kama maandazi. Kadi moja ya asili unaweza kuipata kwa dola 20 au 30, wakati mwingine chini ya hapo. Unapata karatasi ya zaidi ya miaka sabini, matundu ya pini, farasi, na kofia nyeupe. Ninayo moja ambayo nyuma yake mtu amepiga hesabu ya mauzo ya siku kwa penseli, amekosea kujumlisha, amefuta, amekosea tena. Siiuzi.

Nunua pia nakala halali za kisasa kama unachotaka ni pambo. Hakuna aibu. Mabango yaliyochapishwa Marekani kabla ya 1930 yameshatoka kwenye hakimiliki ya huko, na maktaba kubwa zimeyaweka mtandaoni kwa picha safi. Aibu ni kuuziwa nakala kwa bei ya asili.

Kubandika bango kwenye kitambaa: ni kuliokoa au kuliharibu?

Ikifanywa na anayejua, ni kuliokoa. Bango linaoshwa, linalazwa juu ya karatasi isiyo na asidi, kisha juu ya turubai iliyowambwa, kwa gundi ya wanga wa ngano ambayo kesho ukitaka unaitoa kwa maji. Kigezo changu ni hicho hicho kimoja: je, linaweza kurudishwa lilivyokuwa? Gundi ya mbao hairudi. Selotepu hairudi, inaacha doa la kahawia milele.

Binafsi napenda yasiyoguswa. Wakusanyaji wengi wanataka mikunjo ifutike na matundu yazibwe mpaka bango lionekane limetoka mashineni jana. Mimi nikiliona hivyo najiuliza tofauti yake na nakala ni nini. Lakini bango linalopasuka kwenye kila mkunjo halina muda wa kusikiliza mapenzi yangu, lipeleke kwa fundi.

Naishi pwani. Unyevu, chumvi, mchwa. Nitunzeje?

Sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja tuna kazi kuliko mtu wa jangwani Arizona. Usitundike kwenye ukuta wa nje, ule unaopigwa mvua ya masika, kwani unatoa jasho kwa ndani na karatasi inalinywa. Usiweke stoo, wala juu ya kabati karibu na bati. Mahali pazuri ni ndani ya nyumba, kwenye droo au jalada lililoinuliwa toka sakafuni, bango likiwa kati ya karatasi zisizo na asidi. Magazeti hayafai, yana asidi tele, yataliambukiza manjano. Vidonge vya dawa ya nondo usivigusishe na karatasi. Fungua na kukagua kila mwezi wakati wa masika. Ukisikia harufu ya kuvu, tatizo limeshaanza.

Jua ni adui wa kimyakimya. Nyekundu na njano huondoka kwanza, halafu unabaki na bango la buluu lenye watu wanaoonekana wagonjwa.

Na fremu?

Fundi wa fremu ni rafiki mpaka utakapomwachia bango na kuondoka. Niliwahi kumpelekea mmoja nusu karatasi ya 1938, nikamweleza ninachotaka, nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi alikuwa amekata ukingo mweupe wote ili litoshe fremu aliyokuwa nayo tayari, pamoja na jina la kiwanda na tarehe. Lililobaki amelibandika kwa gundi kwenye hadibodi. "Limependeza, mzee," akaniambia. Lilikuwa limependeza kweli. Sikuwa na la kumlaumu, nilikuwa mimi niliyekwenda kunywa kahawa.

Mwambie hivi: hakuna kukata, hakuna gundi, kioo kisigusane na karatasi. Na ukae hapo.

Afrika iko wapi kwenye mabango haya?

Iko, na mara nyingi utatamani isingekuwepo. Hollywood iliipenda Afrika Mashariki kama mandhari. Martin na Osa Johnson waliuza filamu iliyoitwa Simba mwaka 1928, neno letu hilohilo, limetandazwa kwa herufi kubwa huko Marekani. MGM ilituma kikosi kizima huku mwaka 1929 kupiga Trader Horn, wakazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na filamu ikatoka 1931. Mutia Omoolu, aliyeigiza Rencharo, walimpata huku huku, na baadaye wakampeleka hadi Hollywood kumalizia. Yeye ni mhimili wa filamu ile. Lakini tazama mabango ya aina hii kwa jumla: mbele mwanamke mzungu mwenye nywele za dhahabu, nyuma yake vivuli vyenye mikuki visivyo na macho wala pua. Mchoraji aliyetumia rangi sita kwenye shavu la yule bibi, kwa watu wetu ametumia moja.

Kuna ya kuchekesha pia. Road to Zanzibar ya 1941 ilipigwa kwenye viwanja vya Paramount, California. Hakuna mtu wa filamu ile aliyekanyaga Forodhani. Bwana Devil ya 1952, kuhusu simba wala watu wa Tsavo, ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya kuvalia miwani ya pande tatu, na ilitangazwa kwa ahadi ya simba mapajani mwako. Na Hatari! ya 1962, iliyopigwa pande za Arusha, imevuka mpaka wangu wa miaka lakini ninalo bango lake. Watu wa Ohio walilipia tiketi ya neno ambalo mama yangu alikuwa ananifokea nikisogelea jiko.

Je, ukusanye vitu vinavyotudhalilisha? Mimi nakusanya, situndiki. Viko kwenye jalada, na kijana akija kuuliza habari za uchapaji namwonyesha ile hesabu ya rangi, sita kwa moja.

Hakukuwa na mabango yenye watu weusi kama nyota?

Yalikuwepo, na ndiyo ninayoyatamani kuliko Dracula. Kwa sababu ya ubaguzi, Wamarekani weusi walikuwa na sinema zao na watengenezaji wao. Oscar Micheaux alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, The Homesteader, mwaka 1919, na aliendelea kwa karibu miaka thelathini. Huko Jacksonville, Florida, kampuni ya Norman, ambayo mwenyewe alikuwa mzungu, ilitoa The Flying Ace mwaka 1926, waigizaji wote weusi, shujaa wake rubani. Bango lina ndege, mavazi ya kijeshi, nyuso zilizochorwa kama nyuso. Filamu nyingi za Micheaux zimepotea, kwa hiyo kwa baadhi yake karatasi ndiyo shahidi aliyebaki. Mkusanyiko mkubwa wa mabango haya, Separate Cinema Archive, sasa uko mikononi mwa jumba la makumbusho la Lucas, Los Angeles.

Naweza kuyaona bila kununua?

Sana. Maktaba ya Margaret Herrick ya wale wanaotoa tuzo za Oscar iko Beverly Hills na ina makumi ya maelfu, na sehemu yake iko mtandaoni. Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wanayo mengi yaliyotoka kwenye kumbi za huko. Na usidharau kumbukumbu za nyumba za minada: ukijiandikisha bure unaweza kukuza picha mpaka uone punje za wino. Mimi hapo ndipo nilipofundishia macho, usiku kucha, bando linaisha.

Tumekuta boksi la picha za sinema kwenye nyumba ya marehemu babu. Tufanyeje?

Msizifute vumbi. Msibandue zilizogandana, hata kama moja inaonekana inaachia yenyewe. Msiandike chochote nyuma, na msimruhusu mjomba mwenye selotepu aingie chumbani. Pimeni kwa futi, inchi na sentimita zote mbili. Halafu nitumieni picha, za nyuma kwanza. Za mbele nitaziona baadaye.